Kupuliza dawa, hasira na kipimo cha damu

Pole sana, dada. Umeuliza kama kuna kipimo cha damu cha kujua iwapo dawa ya wadudu ndiyo inayombadilisha kaka yako. Kipo. Kama kaka yako anapuliza nyanya na sasa amekuwa mkali na msahaulifu, aende hospitali na chupa ya dawa yenye lebo. Ikiwa ni ya oganofosfeti, kundi la viuatilifu vinavyoathiri neva, mfano profenofosi au dimethoeti, aombe kupimwa kolinesterasi.

Hicho ni kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayopitisha ujumbe kwenye neva. Dawa hizo hukizuia, kemikali inalundikana: mate mengi, jasho, mboni kusinyaa, misuli kutetemeka. Kwa wanaopuliza miaka mingi, tafiti kadhaa zimeona pia sonona, hasira za haraka na kumbukumbu dhaifu.

Ila usiridhike haraka na jibu la "kawaida". Kiwango hutofautiana sana mtu na mtu, hivyo cha kaka yako kinaweza kuwa kimeshuka sana na bado kikasomeka kizuri. Ndiyo maana katika jimbo la California, Marekani, wapulizaji hupimwa kabla ya kuanza kazi, na anayeshuka hadi asilimia 70 ya kiwango chake mwenyewe kwenye chembe nyekundu za damu huondolewa kwenye kazi ya dawa hizo. Basi apimwe sasa, aache kupuliza, arudie baada ya miezi mitatu hivi. Kikipanda sana, dawa ilikuwa inamgusa.

Kama ana sonona, itibiwe sasa hivi, isisubiri maabara. Na nguo zake za kupulizia, tafadhali, msizifue pamoja na za watoto.