Ukitafuta maumbo yanayopakana, usiishie kwenye ST_Touches

Wengi wanaoanza kutumia PostGIS (nyongeza ya hifadhidata ya PostgreSQL kwa data ya ramani), wakitaka kujua poligoni zipi, yaani maumbo yaliyofungwa, zinapakana, hukimbilia ST_Touches. Mimi siigusi amri hiyo kabla ya kuihakiki data, kwa sababu ni kali mno. Inakubali kwamba maumbo mawili yamegusana pale tu mipaka yao inapokutana bila ndani yao kuingiliana hata kidogo. Zikipishana kwa upana wa unywele, jibu ni hapana. Zikiachana kwa upana huohuo, jibu ni hapana vilevile. Na ramani iliyounganishwa kutoka kwa wachoraji tofauti haikosi kasoro za namna hiyo.

Kwa hiyo anza kwa kupitisha ST_IsValid, inayokagua kama kila umbo ni halali, kwenye jedwali zima. Kama una PostGIS 3.4 au toleo la baadaye, ongeza ST_CoverageInvalidEdges: itakuonyesha kingo zisizolingana na za jirani, na ukiipa kipimo cha upana itakuonyesha pia mianya myembamba. Naipenda sana amri hii. Kabla yake kazi hiyo niliifanya kwa kukodolea macho skrini, na bado kuna mianya iliyonipita.

Data ikishakaa sawa, amua kama kugusana kwenye nukta moja kunatosha. Huko Marekani, Arizona na Colorado zinakutana kwenye nukta tu, pale zinapokutana pia na Utah na New Mexico. ST_Touches itazihesabu kuwa zimegusana. Kwa kazi ya kupaka ramani rangi, maeneo kama hayo yanaweza kupewa rangi moja bila tatizo. Kwa kazi ya kukadiria watu au maji yanavyovuka mpaka, hesabu yako itakuwa imeingiza njia ambayo haipo. Nikitaka mpaka wenye urefu, naandika hivi:

SELECT a.id, b.id,
  ST_Length(ST_Intersection(a.geom, b.geom)) AS urefu
FROM maeneo a
JOIN maeneo b
  ON a.id < b.id
  AND ST_Intersects(a.geom, b.geom)
WHERE ST_Relate(a.geom, b.geom, 'F***1****');

F ya mwanzo inasema ndani ya umbo moja kusiingiliane na ndani ya jingine. Ile 1 ya katikati inadai mipaka ikutane kwenye mstari, si kwenye nukta. Sharti la a.id < b.id linazuia umbo kujilinganisha lenyewe na kila jozi kurudi mara mbili. Ukitaka orodha ya majirani wa kila umbo, weka <> badala yake.

Safu ya urefu usiiache hata kama hukuombwa. Panga majibu kuanzia mpaka mfupi kabisa, kisha yatazame ya juu moja moja, maana makosa hupenda kujificha hapo. Lakini usifute kitu kwa kuwa tu ni kifupi. Zambia na Botswana zinapakana pale Kazungula, kwenye mto Zambezi, kwa kipande kisichofika mita 200, na tangu 2021 kuna daraja linalounganisha nchi hizo mbili moja kwa moja. Chukua ramani ya nchi iliyorahisishwa ili ipakiwe haraka kwenye tovuti, na kipande hicho huenda kikawa kimetoweka, au Namibia ikawa imeshikana na Zimbabwe. Ujirani utafute kwenye data yenye mipaka kamili. Kurahisisha kuje baadaye, wakati wa kuonyesha.

Kuhusu kasi, tengeneza faharasa (index) ya aina ya GiST kwenye safu ya geom, yenye maumbo yenyewe. Maumbo 10,000 yana jozi karibu milioni 50. Faharasa inalinganisha kwanza visanduku vinavyozingira maumbo, na jozi chache zinazobaki ndizo zinazopimwa kwa undani.

Kama data ina mianya na huna ruhusa ya kuirekebisha, tumia ST_DWithin, inayouliza kama maumbo mawili yako ndani ya umbali fulani, na uipe umbali mdogo. Inatumia faharasa, tofauti na kuandika ST_Distance ikifuatiwa na alama ya <, na haikulazimishi kutanua kila umbo kwa ST_Buffer. Angalia tu vipimo: kwenye mfumo wa 4326, ule wa longitudo na latitudo, geom huhesabu kwa nyuzi, si mita. Ukiandika 5 umeomba nyuzi tano, na kila uzi wa latitudo ni takriban kilomita 111. Badili kwanza kwenda mfumo wa mita unaofaa eneo lako.

Mwisho, kwa LEFT JOIN, toa orodha ya maumbo yasiyo na jirani hata mmoja, uyafungue kwenye ramani. Visiwa viache. Lile lililozungukwa na mengine pande zote, lisogelee hadi uone mwanya ulipo.