Muulize Fundi: Lethi ya mtumba iliyopakwa rangi mpya

Swali: Shikamoo fundi. Mi nina kakarakana kadogo nyumbani, nimechoka kila kapini kupeleka kukerezewa kwa watu, sasa nimepata lethi (mashine ya kukereza) ya mtumba, imepakwa rangi ya kijani inang'aa mpaka raha, muuzaji anasema haina tatizo hata moja ila anataka jibu wiki hii hii. Nikienda kuiona nicheki nini? – *Kijana wa Vyuma*

Jibu: Marahaba kijana wangu. Hiyo rangi ndo imenitisha kuliko yote uliyoandika. Mi mwenyewe lethi yangu ya kwanza niliinunua kwa macho, rangi mpya, vishikio vimepigwa polishi, nikalipa, nikaibeba, nikaifunga, halafu shafti ya kwanza kuikereza ikatoka kama karoti, huku nene huku nyembamba, nikabadilisha kisu, nikabadilisha chaki (siyo ya mwalimu, ile ya kubana chuma), wapi! Kumbe kitanda kilishakwisha zamani, na rangi haifiki kwenye kitanda.

Kwa hiyo anza na kitanda, yaani zile reli ndefu ambazo kereji (kile kigari kinachobeba kisu) inateleza juu yake. Kazi nyingi za lethi zinafanyikia karibu na chaki, so reli zinalika pale, upande wa mkiani (mwisho wa pili, mbali na chaki) zinabaki kama zilivyotoka kiwandani. Pitisha ukucha pembeni ya reli karibu na chaki, pale sehemu inayosuguliwa inapokutana na isiyosuguliwa, ukihisi kangazi ujue chuma kimeshaondoka. Halafu fanya hivi: peleka kereji hadi karibu na chaki, kaza bolti ya kuifungia kidogo tu mpaka uhisi inaburuta, kisha izungushe taratibu kuelekea mkiani. Ikienda uzito uleule mwanzo mwisho, mshukuru Mungu. Ikifika katikati ikagoma kabisa, maana yake kule kwenye chaki reli zimekuwa nyembamba, na hiyo siyo ya kurekebisha kwa spana bana, kitanda kinatakiwa kisagwe upya kwenye mashine kubwa na gharama yake inaweza kupita bei ya lethi yenyewe.

Ya pili ni spindo, ile shafti inayozungusha chaki. Bana chuma kinene kwenye chaki, weka geji ya saa (kipimo cha sindano kinachoonyesha hata mtikisiko mdogo) juu yake, halafu kinyanyue kwa gongo la mbao. Sindano ikicheza 0.01 au 0.02 ya milimita sawa, ikiruka 0.05 na kuendelea beringi zimechoka au zimelegea, muulize muuzaji kabla hujaongea bei. Kisha mwambie aiwashe spidi ya juu kabisa iungurume robo saa. Ataona unamsumbua, mwache aone. Ikizimwa weka mkono juu ya kichwa cha mashine penye beringi, vuguvugu haina shida, ukishindwa kuuacha mkono hapo, shida ipo.

Usisahau meno ya gia! Hasa ile gia kubwa ya mwendo wa taratibu. Lethi nyingi za zamani kama Myford na South Bend chaki yake inafungwa kwa nyuzi kwenye spindo, sasa ikikwama kuna watu wanaingiza gia ya taratibu ili spindo isizunguke halafu wanapiga chaki kwa nguvu ifunguke, jino linang'oka. Zungusha kwa mkono raundi nzima, angalia jino moja moja, na ukiona jino la rangi tofauti limejazwa kwa welding, basi bei ishuke. (Na hizo chaki za nyuzi usizizungushe kinyumenyume kwa nguvu, zinajifungua zenyewe ukiwa unakata, ni kitu kizito kinakujia miguuni.)

Kitu ambacho watu wanakikimbia bure ni mkono wa kisu kuwa na ulegevu, ukizungusha mpini robo raundi ndo kisu kinaanza kusogea. Hiyo ni nati ya shaba imelika, inabadilishwa, na hata kabla ya kubadilisha unafanya kazi vizuri tu ukizoea kusukuma daima kutoka upande mmoja. Mtu anaikataa lethi nzuri kwa hilo halafu ananunua yenye mpini usio na ulegevu na kitanda kimekufa.

Mwisho kabla ya pesa kutoka, kata. Nenda na chuma chako cha kipenyo cha milimita 25 na kisu ulichonoa mwenyewe, kitoe nje ya chaki kama milimita 100 bila kukishikilia kwa mkia, kata kidogo sana urefu wote, pima kwa maikromita mwanzo na mwisho. Tofauti ya 0.02 usihangaike nayo. Ikiwa 0.1 hivi usiikatae papo hapo lakini, inawezekana mashine haijakaa sawa sakafuni na kitanda kimejipinda, hiyo inanyooshwa kwa kurekebisha miguu, ndo maana nikasema kitanda ukikague kwanza ujue ni ipi kati ya hizo mbili.

Na umuulize viko wapi vikorokoro vyake. Chaki ya meno matatu, ya meno manne, stedi (ya kushikilia chuma kirefu kisitikisike), zile gia za kubadilishia za kuchonga nyuzi. Lethi uchi inaonekana bei poa, ukianza kukusanya kimoja kimoja unajikuta umenunua lethi mbili. Kama skrubu yake ndefu (inayosukuma kereji ukichonga nyuzi) ni ya inchi na we unataka kuchonga nyuzi za milimita, tafuta kama ina gia ya meno 127, kwa sababu inchi moja ni milimita 25.4 na 127 ni mara tano ya hiyo, ndo inayokupa kipimo kamili. Hilo la wiki hii hii achana nalo, ni lake siyo lako.

Swali: Fundi mi nimeshanunua, ila mota ni fezi tatu na nyumbani nina fezi moja. Jamaa kaniambia niweke kapasita nimalize. Ni kweli? – *Baba Pacha*

Jibu: Kapasita itaizungusha, ila mota itakuwa inapoteza nguvu kama theluthi moja hivi na itaunguruma kama ina njaa. Bora inveta. Inaingiza fezi moja ya 230 inatoa fezi tatu za 230, inaanza taratibu na unabadilisha spidi kwa kitufe.

Lakini soma kibati cha mota kwanza Baba Pacha. Kikiandika 230/400, unafungua boksi la nyaya unaifunga delta (namna ya kuunga nyaya za mota kwa pembetatu), imeisha hiyo. Kikiandika 400 kwa delta peke yake, inveta ya kawaida haitakupa nguvu kamili, hapo hesabu mota nyingine. Zile mota za spidi mbili nazo zinasumbua. Swichi ya zamani ya mashine usiiweke kati ya inveta na mota, ukiikata inveta ikiwa kazini unaiua, kuwasha na kuzima kupitie kwenye inveta yenyewe. Na ukiiendesha spidi ya chini sana muda mrefu, feni ya mota inazunguka taratibu pia, itachemka.

Swali: Habari fundi, nataka milingi (mashine ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka) ya mtumba aina ya Bridgeport, wanasema hiyo ndo baba lao. Nitaibebaje na niangalie nini? – *Dada Bolti*

Jibu: Nzuri dada. Hiyo muundo wake umeanzia Marekani 1938 na umeigwa kila kona, uzuri wake spindo nyingi zinachukua kolleti (vibanio vya kushika kisu) za saizi ya R8 ambazo zinapatikana kirahisi. Milingi nyingine za zamani ni imara mno ila spindo yake ina mdomo wa kipekee, kisu utakipata wapi?

Hapa meza ndo inalika katikati. Kaza kidogo kifungio cha meza ikiwa katikati, zungusha hadi mwisho kila upande, mantiki ileile ya lethi. Kisha pima ulegevu wa mpini meza ikiwa katikati na ikiwa pembeni, ukiwa mkubwa katikati tu, skrubu imelika, nati peke yake haitasaidia. Shusha spindo yote uitikise. Matundu machache ya drili kwenye meza ni uzembe wa mtu, hayaui mashine.

Kubeba, hiyo inakaribia tani moja na kichwa ndo kizito. Legeza kichwa ukigeuze kining'inie chini, shusha meza, ifunge kwenye paleti ya mbao, ivutwe juu ya mabomba. Ikianza kuanguka, ruka, usiishike.

Swali: Drili ya kusimama nikiifungia kimeza cha kusogea si inakuwa milingi? – *Mbana Matumizi*

Jibu: Hapana. Chaki ya drili imeshikwa kwa msuguano tu, haina bolti ya kuivuta juu, ikisukumwa kwa ubavu inachomoka ikiwa inazunguka.