Ukuta wa tumbo hauna kosa, kinachonikera ni mshipa

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwezi uliopita nilipasuliwa ngiri. Kwenye karatasi ya kuniruhusu wameandika "udhaifu wa ukuta wa tumbo". Mjomba wangu kacheka sana, anasema ukuta ni wa nyumba, tumbo lina ngozi tu, na kwamba Kiswahili fasaha ni "fumbatio". Nani kasema kweli? (Msomaji, Muheza)

JIBU: Marahaba, na pole kwa kisu. Mjomba wako kapata nusu. Fumbatio lipo, limetokana na kufumbata, yaani kukifunika kitu ndani ya kiganja, nalo ni sehemu yote iliyo baina ya kifua na nyonga. Jina zuri, ila walionalo kinywani ni walimu wa biolojia wakimchambua panzi. Mgonjwa anayesema "fumbatio linaniuma" sijamsikia bado. Tumbo latosha.

Na ukuta ni ukuta kweli. Chini ya ngozi kuna mafuta, na chini ya mafuta, huko ubavuni, kuna misuli mitatu bapa iliyolaliana. Nyuzi za wa nje zinateremka kuja mbele, za wa kati zinapanda kuja mbele, za wa ndani zinakwenda mlalo. Muulize seremala, atakwambia plaiwudi nayo hupata nguvu vivyo hivyo. Mbele, huku na huku ya kitovu, imesimama misuli miwili mirefu, ile ambayo vijana wa jimu wanaivulia shati. Ndani kabisa kuna utando laini kama bitana ya koti. Mwambie mjomba kwamba hata kitambi chake, sehemu kubwa kiko nyuma ya ukuta huo, ndiyo maana akikibonyeza kinagoma.

Nashangaa lakini kwamba kilichomchekesha ni ukuta, ambao hauna kosa, na wala si mshipa. Maana naamini nyumbani kwenu wote walisema umekwenda kukatwa mshipa.

Mshipa! Damu inapita kwenye mshipa. Fahamu nazo zina mshipa. Misuli ikijitokeza mkononi, "ana mishipa huyo". Busha ni mshipa, ngiri ni mshipa, kiuno kikikaza asubuhi ni mshipa. Asiye na haya hana mshipa wa aibu. Neno moja limebebeshwa mwili mzima na roho juu yake, na kamusi zimelikubali bila kutoa jasho.

Nilimsindikiza jirani yangu, mzee wa makamo, kwenye zahanati moja.
"Unaumwa nini, babu?"
"Mshipa, mwanangu."
Nesi akaanza kumpandisha mkono wa shati.
"Siyo huo. Mshipa umeshuka."
"Umeshukia wapi?"
Mzee akatazama dari. Mimi nikatazama bango la chanjo. Nesi akaandika "busha", na tukapangwa foleni isiyo yetu mpaka adhuhuri.

Kilichomshuka mzee yule hakikuwa mshipa wa aina yoyote. Ulikuwa utumbo, umepenya kwenye tundu la ukuta pale kinenani, kama mpira wa baiskeli unavyochungulia tairi lilipochanika. Busha ni maji yaliyojaa kwenye utando unaozunguka korodani, na maji hayanaswi. Utumbo unanaswa, na ukinaswa damu ikakatika, mtu ana saa chache tu. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira: ugonjwa una jina lake, ngiri, na halina aibu yoyote. Msiogope kuichanganya na yule mnyama wa porini, sarufi imeshawatenga. Wa porini amekimbia. Ya kinenani imemshika mtu.

Haki nayo isemwe. Kinenani mwa mwanamume kuna njia ya mshazari, urefu wake kama sentimita 4, inayotoboa ukuta huo. Ndani yake unapita mrija wa manii, umefungwa pamoja na mishipa ya damu na ya fahamu, vyote vikishuka korodanini. Ngiri nyingi za wanaume hupita njia hiyo hiyo. Kwa hiyo wazee waliosema "mshipa" walikuwa jirani kabisa na ukweli, nyumba ya pili tu. Ndiyo maana "mshipa wa ngiri" nimeuzoea, sitoi tena mishipa ya shingo kwa ajili yake. Kijiweni, semeni. Kwenye karatasi ya hospitali, hapana.

Karatasi yako basi imeandikwa vizuri, itunze.

Jirani yangu naye alishonwa, akawekewa kiraka cha wavu, akapona. Juzi nimemkuta kwenye kahawa anawasimulia wenzake, mkono kinenani: "Mshipa wenyewe walioukata, mnene hivi!" Akanigeukia nishuhudie. Nikaagiza kashata.