Mshale wa spidi umekufa? Anza na kebo

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili: gari la zamani, mshale wa spidi ulikuwa unachezacheza ukiwa chini ya kilomita 40 kwa saa, ukikanyaga mafuta unatulia, na sasa umelala kwenye sifuri. Unauliza kama ununue spidomita nyingine. Usinunue kwanza. Kuna jambo moja hukulisema, na ndilo lenye jibu: namba za kilomita bado zinahesabu au nazo zimegoma?

Spidomita ya kebo, yaani inayozungushwa na waya unaozunguka ndani ya ganda lake, ina kazi mbili kwenye mhimili mmoja. Namba zinasukumwa na gia ndogondogo, jino kwa jino. Mshale hausukumwi na gia yoyote. Kebo inazungusha sumaku, na sumaku inazunguka ndani ya kikombe chepesi cha alumini bila kukigusa. Mzunguko huo unazalisha mikondo ya umeme ndani ya alumini, kikombe kinataka kuifuata sumaku, springi nyembamba kama unywele inakirudisha nyuma. Mshale umepachikwa kwenye kikombe hicho. Mjerumani Otto Schulze alipata hataza ya mtambo huu mwaka 1902, na miaka ya 1980 magari yalikuwa bado yanautumia.

Kwa hiyo namba zikitembea na mshale umekufa, ugonjwa umo ndani ya spidomita. Mshale ukifanya kazi na namba zimesimama, ni zile gia ndogo. Vyote viwili vikinyamaza, ni kebo au pale inapochukulia mzunguko. Mshale kucheza kabla ya kufa, mimi naona kebo kavu: inajisokota, inajiachia, inajisokota, mwisho inakatika.

Haya nimeyajua kwa kuumia. Nilikuwa na Volkswagen Beetle, ambayo kebo yake haitoki kwenye giaboksi kama magari mengi. Inazungushwa na gurudumu la mbele kushoto, ncha yake imepenya katikati ya kifuniko cha grisi cha habu, yaani kitovu cha gurudumu. (Gurudumu hilo likijifunga kwenye utelezi, mshale unasoma sifuri huku gari bado linaserereka. Mara ya kwanza nilishtuka kweli.) Mshale ulipoanza kucheza nikachomoa kebo, nikaipaka grisi nzito mpaka ncha ya juu, nikajipongeza. Ukatulia. Baada ya siku chache nikawa nasoma 90 wakati GPS ya simu inasema 60. Grisi ilikuwa imepanda mpaka ndani na kukigandisha kikombe na sumaku. Nikafungua kusafisha mwenyewe, kitambaa kikanasa ile springi, na hapo spidomita ikawa ya kupelekwa kwa mtu wa kazi hiyo.

Kwa lako, fungua kebo nyuma ya spidomita, gari liwe kwenye gia huru, mtu alisukume polepole huku wewe unatazama ncha. Ikizunguka, kebo ni nzima. Rudi kwenye spidomita, au pengine kebo haikuwa imekaa vizuri kwenye tundu lake. Isipozunguka, vuta waya wa ndani. Ukija mkononi kipande kifupi, mchawi umempata. Ukiwa mzima, kague gia ndogo inayouzungusha kule chini, kwani nyingi ni za plastiki na meno hulika.

Kabla ya kufunga kebo mpya, chukua kile kipande kilichokatika, kichomeke kwenye tundu la spidomita ukizungushe kwa vidole. Kiende kilaini. Kikigoma, kebo mpya nayo itakatika vilevile, na utamlaumu aliyekuuzia bure. Waya wa ndani ulaze mezani uuviringishe: penye kujikunja utaruka. Grisi iwe nyepesi na kidogo, theluthi mbili za chini tu. Juu acha kama sentimita 20 pakavu. Ukikuta oili nyeusi juu wakati hukuipaka, sili ya kwenye giaboksi imeisha. Waya umesukwa kama skrubu na unaipandisha oili wenyewe. Na kebo usiikunje kwa nguvu nyuma ya dashibodi. Kona kali peke yake inatosha kuuchezesha mshale.

Ukimaliza, linganisha na GPS. Tofauti ikiwa na uwiano uleule kwenye kila mwendo, tazama saizi ya tairi, au spidomita si ya gari hilo. Spidomita nyingi za kampuni ya VDO zina herufi W na namba ndogo usoni: ni mizunguko ya kebo kwa mita moja. Ikiandikwa 1.0, maana yake ni mizunguko 1,000 kwa kilomita, hivyo ukiijaribu spidomita kwa drili, ikizungushwa mara 1,000 kwa dakika mshale unapaswa kusoma 60. Hakikisha tu drili inazunguka upande uleule wa kebo.

Tazama namba kwanza, kisha sukuma gari, halafu uje useme ncha imefanyaje.