Jibu: Meteor ya Korea, 1952, ni ya Uingereza au Australia?

Salama mkuu. Umekwama kwa kuwa Gloster Meteor (ndege ya kivita ya jeti iliyotengenezwa Uingereza) ya pichani, ya Vita vya Korea, ina duara la buluu, jeupe na jekundu la Uingereza, ilhali maelezo yanasema ni ya Australia. Maelezo yako sahihi.

Duara lisikupotoshe. Australia ilikuwa bado inatumia hilohilo. Kangaruu aliwekwa katikati mwaka 1956. Anza na namba ya ubavuni, karibu na mkia. Ikianza na A77- ni ya Australia. Za Uingereza huwa herufi mbili na tarakimu tatu. Ila angalia: A77 ni alama ya aina ya ndege, si namba ya kikosi. Imesadifu tu kwamba Meteor za Korea ziliruka na Kikosi cha 77 cha jeshi la anga la Australia. Hata rubani akiwa Mwingereza si ushahidi, maana baadhi yao waliazimwa kikosini humo.

Kisha chungulia chini ya mabawa. Ukiona roketi, picha ni ya 1952 au baadaye. MiG-15, ndege ya kivita ya Kisovieti iliyotumiwa na adui, yenye mabawa yaliyolazwa nyuma, iliipita mbali Meteor kwa kasi; tarehe 1 Desemba 1951 Meteor tatu zilipotea, na kuanzia Januari 1952 kikosi kikaelekezwa kushambulia ardhini, ndipo roketi zikatumika.