Despoti wa Mistra aliwezaje kuuza mji wake?

SWALI: Nimesoma kwamba Theodoros I Palaiologos, despoti wa Morea kusini mwa Ugiriki, aliwauzia watawa wa kijeshi mji wa Korintho, kisha Mistra alikokaa yeye mwenyewe. Huyu alikuwa mfalme, mkuu wa mkoa au dikteta? Na mji unauzwaje kama shamba?

JIBU: Udikteta tuuweke kando kwanza. Kwa Kigiriki *despotes* ni bwana tu. Waorthodoksi hadi leo humwimbia askofu wao kwa neno hilohilo wakimtakia miaka mingi. Kule Konstantinopoli, mji mkuu wa dola ya Bizanti, kilikuwa cheo cha kwanza baada ya mfalme, juu hata ya kaisari, ambaye huko hakuwa mfalme bali mwenye cheo cha chini yake. Kilipewa mtu, hakikupewa nchi, na mtoto hakukirithi. Wapo waliokivaa bila kuwa na kijiji cha kutawala. "Despoti wa Morea" ni mkato wetu sisi walimu wa historia, na umepotosha wengi.

Theodoros alikuwa na cheo hicho kama mwana wa mfalme Ioannes V, naye akatumwa kutawala Morea, yaani Peloponnese, kusini mwa Ugiriki, mwanzoni mwa miaka ya 1380. Kisheria ardhi ilibaki ya dola. Kwa vitendo, Konstantinopoli ilikuwa mbali na haina kitu. Yeye mwenyewe alimwoa Bartolomea, binti wa Nerio Acciaioli aliyekuja kuwa bwana wa Athens, akagombana na Venisi juu ya Argos, akakaribisha Waalbania kama 10,000 pamoja na familia zao ili apate wakulima na askari.

Wenye mashamba makubwa hawakumtii. Mmoja wao, Mamonas wa Monemvasia, alikwenda kumshtaki kwa Bayezid, sultani wa Waturuki wa Osmani. Sultani akawaita watawala Wakristo katika mji wa Serres, kaskazini mwa Ugiriki, akamshikilia Theodoros na kumtaka asalimishe ngome. Aliponea chupuchupu kwa kutoroka.

Hapo ndipo biashara yako inapoingia. Mwaka 1397 Waturuki walivuka shingo ya nchi ya Korintho, wakaipiga Argos na kuchukua watu utumwani. Theodoros hakuwa na jeshi la kuwazuia. Watawa wa kijeshi wa Mtakatifu Yohane, waliotawala kisiwa cha Rhodes, walikuwa nalo, pamoja na fedha. Wakauziwa Korintho, na mwaka 1400 Mistra, naye akahamia Monemvasia. Mimi naiona kama rehani zaidi kuliko mauzo. Kaka yake, mfalme Manuel II, aliitetea biashara hiyo baadaye katika hotuba ya kumwombolezea Theodoros: afadhali mji ushikwe na Wakristo wanaoweza kuurudisha kuliko Mturuki asiyeurudisha. Kwa hiyo idhini ya juu, hata kama ya baada ya tendo, ilikuwapo.

Idhini iliyokosekana ilikuwa ya watu wa Mistra. Wajumbe wa watawa walipofika kukabidhiwa mji, wenyeji waliwatokea kwa fimbo na mawe, na ni askofu aliyewaokoa na kuwapa siku chache waondoke. Bayezid alipotekwa na Timur, mtawala mshindi kutoka Asia ya Kati, huko Ankara mwaka 1402, hofu ilipungua, na kufikia 1404 Theodoros alikuwa amezikomboa ardhi zake kwa fedha. Alifariki mwaka 1407 akiwa amevaa joho la utawa. Lakini kabla ya kumpokea tena, watu wa Mistra walimtaka aape kwamba hatawauza mara ya pili, naye akaapa.