Jibu: Vipi saratani ya tumbo inafika kwenye ubongo?

Waalaykumu salaam, dada wa Wete. Umeuliza vipi saratani ya tumbo ya mama yako imefika kichwani. Ni nadra, chini ya mgonjwa 1 katika 100, lakini njia yake inajulikana.

Seli za tumbo hushikana kwa protini iitwayo E-kadherini. Ikipotea, seli zinaachana. Hutoa vimeng'enya vya MMP vinavyokata nyuzi za tishu, zikaingia kwenye damu, kisha zikajipenyeza baina ya seli za ukuta wa mishipa ya ubongo. Zenye HER2 nyingi, protini ya juu ya seli inayozihimiza kukua, huelekea zaidi huko, na trastuzumabu, dawa inayoilenga HER2, ni molekuli kubwa mno, haivuki ukuta huo vizuri. Ndiyo maana tumbo laweza kupata nafuu huku kichwa kinazidi.

Ulizeni kama HER2 imepimwa. HER2 ya tumbo hukaa kwa mabaka, kwa hiyo vinatakiwa vipande 6 hadi 8 vya uvimbe, kimoja kinadanganya. Viingie mara moja kwenye formalini ya 10%, maji ya dawa ya kuhifadhi tishu, visizidi humo saa 72, hasa vikisubiri boti ya kuvuka Unguja.

Akitapika asubuhi na kichwa kikimuuma, tafadhalini msingoje kliniki, mpelekeni siku hiyohiyo.